Mtoto anachomoa tu pete za mbao, kuzipanga hataki. Ni kawaida?

Mama Kadogo

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne, tumemchukulia vichezeo vya mbao vya aina mbili. Kimoja ni zile pete za rangi rangi zinazochomekwa kwenye kijiti, kubwa inakaa chini ndogo juu, na juu kabisa kuna kampira. Kingine ni visanduku saba vinavyoingiana kimoja ndani ya kingine, ukivigeuza unavipandanisha vinakuwa mnara. Sasa kwenye boksi wameandika kinamfundisha mtoto ukubwa, mpangilio, hesabu na sijui nini na nini, mimi nikajua akikaa navyo kidogo tu atashika.

Wapi! Pete anazichomoa zote anazitupa huko, nikizirudisha anachomoa tena, yaani raha yake ni kuchomoa. Visanduku ndo kabisa, anachukua kale kadogo kuliko vyote anakatumbukiza kwenye kile kikubwa kuliko vyote, anatikisa asikie kanavyogonga, anakatoa, anakatumbukiza tena, vile vitano vya katikati hana habari navyo. Nikimjengea mnara hata sijamaliza keshaubomoa na kucheka juu. Baba yake ananiambia hapo umenunua kuni.

Je hii ni kawaida au amechelewa? Na nimshike mkono nimwelekeze au nimwache tu? Alafu kingine, anavitafuna balaa, kuna pete moja ya kijani naona rangi yake imeanza kubanduka pembeni, sijui kama ni ya kuogopa.

Mwl_Awali

Mama Kadogo, toa wasiwasi, huyo mtoto anafanya kazi yake vizuri sana, ila kazi yenyewe sio ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuchomoa kunatangulia kuchomeka. Kuchomoa unashika unavuta basi, pete inatoka. Kuchomeka lazima uone tundu, ulilenge kwenye kijiti, ugeuze kiganja kikae sawa, alafu ufungue vidole kwa wakati wake, na hapo kwenye kufungua vidole ndo penye shughuli. Mwangalie siku akijaribu kuweka kitu juu ya kitu, utaona mkono unafika pale pale panapotakiwa, alafu wakati wa kuachia vidole vinafunguka vyote kwa mpigo kama vimepigwa shoti, au anakuwa bado anakandamiza huku anaachia, cha chini kinateleza na mnara unakwenda. Mzazi anasema hajui kikubwa na kidogo, kumbe mkono tu haujajua kuachia taratibu. Kushika vitu kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada watoto wengi wanakupata kati ya miezi 9 na 12 hivi, kuachia kwa hiari kunakuja baadae na kunachukua muda mrefu kunyooka.

Vipimo wanavyotumia sana watu wa makuzi ya watoto ni hivi: karibu na miezi 15 anabebanisha vipande 2, miezi 18 vipande 3, miaka 2 vipande kama 6, miaka 3 vipande 9. Na hapo ni vimchemraba vidogo vya kuenea kiganjani, vyote saizi moja, hakuna cha kupanga kwa ukubwa. Ni wastani, wapo wanaowahi wapo wanaochelewa kidogo na wote wanakuwa wazima. Kwahiyo kumtaka wa miezi 16 apange pete tano kutoka kubwa mpaka ndogo ni kumrusha madarasa kadhaa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alipowapa watoto vijiti vya kupanga kwa urefu aliona kwamba kupanga kwa mpango kamili, yaani mtoto anatafuta kirefu kuliko vyote, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata bila kubahatisha, kunakaa sawa kwenye umri wa kama miaka 7 huko. Wako bado hata meno hayajaisha kuota.

Sasa hilo la kadogo ndani ya kikubwa, mimi ndo lililonifurahisha. Mwaka 1972 mtafiti mmoja wa Marekani, Patricia Greenfield, na wenzake waliwapa watoto wa miezi 11 mpaka 36 vikombe vitano vya kuingiana wakaangalia wanavyofanya, na wakaona kuna njia tatu zinazofuatana. Ya kwanza, mtoto anachukua kimoja anakiweka kwenye kingine, basi, jozi. Ya pili, anachagua kimoja kinatulia chini, vingine anavileta humo kimoja kimoja. Ya tatu ndo ya wakubwa, anaweka kidogo ndani ya cha kati, alafu anabeba vyote viwili kwa pamoja kama kitu kimoja anavitia kwenye kikubwa. Wako yuko kwenye ya kwanza, ndo mahali pake. Na ona alivyochagua, kachukua vile viwili ambavyo hata akitupia vinaingia, hana haja ya kulenga. Huyo anajua anachofanya.

La kumshika mkono, acha. Ukimwongoza mkono pete inaingia lakini umeiingiza wewe, yeye hajalenga wala hajaachia, na kesho utakuta anakuletea pete umchomekee. Unachoweza kufanya ni kumpunguzia vitu. Ficha visanduku vinne, mwachie vitatu, kikubwa kabisa, cha katikati kabisa na kidogo kabisa. Tofauti ikiwa kubwa macho yanaiona, ikiwa ndogo hata wewe mtu mzima unahitaji kuinama kulinganisha. Akivizoea ndo unarudisha kimoja. Pete vilevile, mwachie mbili tatu. Alafu kaa pembeni, chomeka moja polepole aone, usiseme kitu, mwachie.

Na mnara muache abomoe. Kubomoa ndo mchezo wa kwanza wa mnara, mtoto anajifunza kwamba kofi langu limeleta kishindo kile, na wewe mjenzi unapata kazi ya kudumu hahaha.

BabaWaTatu

Mimi ntasema ukweli watu wasipopenda basi. Hivi vitu vya mbao vimekuwa fasheni. Mabakuli ya jikoni yanaingiana, mikebe inaingiana, vifuniko vinapangwa, mwanangu wa kwanza alikuwa anashinda na vifuniko vya chupa kubwa na kopo, anatumbukiza anatoa anatumbukiza anatoa, leo yuko shule na hesabu anazijua. Mtoto hajui kama kitu ni mbao au plastiki. Unatoa hela unanunua picha ya kupiga na kuweka kwenye rafu.

Tena vya plastiki vina faida moja, unaingia navyo kwenye beseni la kuogea, vinaelea, vina matundu maji yanatiririka, mtoto anachota anamwaga. Vya mbao jaribu uone.

Randa na Msasa

Mimi ni fundi seremala, vichezeo nakereza pia, kwahiyo nina upande hapa niseme mapema.

@BabaWaTatu mkebe na bakuli sina ugomvi navyo, ila mkebe angalia ukingo umekatwaje maana ule bati unaweza kuchana mdomo, na vifuniko vya chupa kwa mtoto wa mwaka mmoja hapana kabisa mkuu, hiyo ni saizi ya koo. Plastiki kwenye maji nakubaliana na wewe. Lakini kusema mtoto hajui mbao na plastiki sio kweli, mkono wake unajua. Mbao ina uzito, ina mkwaruzo kidogo, ukiweka juu ya mbao mwenzake inakamata, plastiki nyepesi ukiigusa na nguo tu imekwenda. Mtoto ambaye mkono wake bado unakandamiza wakati wa kuachia, kama alivyosema mwalimu, mnara wa mbao unamvumilia zaidi. Alafu kipande kikubwa kinakuwa kizito kweli, kidogo chepesi kweli, ukubwa anausikia mkononi kabla macho hayajaamua.

Sasa Mama Kadogo twende kwenye yako. Hiyo pete ya kijani iondoe leo, sio kesho. Rangi inayobanduka maana yake mtoto anaila, na huwezi kujua kwa macho ndani yake kuna nini. Shida kubwa ni madini ya risasi, yanaharibu ubongo wa mtoto na hata kiasi kidogo sio salama. Marekani sheria yao inataka rangi ya vichezeo risasi isizidi sehemu 90 kwenye milioni, Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 71, sehemu ya 3 ndo inapima metali zinazotoka kitu kikikaa tumboni. Kama boksi lako lina alama za namna hiyo angalau kuna mtu anawajibika, kama halina kitu wala jina la mtengenezaji, mimi ningekuwa na mashaka na seti nzima sio pete moja.

Kuna kipimo cha nyumbani, unalowesha kitambaa cheupe unasugua kwa nguvu, kikitoka na rangi kitu hicho hakifai kwa mtoto anayetafuna. Lakini elewa vizuri, kisipotoka na rangi haimaanishi hamna risasi, inamaanisha tu rangi imeshika.

Cha pili kale kampira ka juu. Kwa watoto wa chini ya miaka 3 kipimo cha vipande vidogo ni silinda ya upana wa milimita 31.7, kitu kikizama chote humo hakiruhusiwi. Lakini mpira una kipimo chake peke yake, mkubwa zaidi, karibu milimita 44, kwasababu kitu cha duara kinaziba koo lote hewa haina pa kupita. Watu wengi wanapima pete wanasahau mpira. Kama huna kipimo chukua ile roli ya katikati ya karatasi ya chooni, kitu kikipita humo usimpe mtoto mdogo. Roli nyingi ziko karibu na milimita 40, kwahiyo kwa mpira usitegemee roli tu, tafuta rula.

Angalia na kijiti chenyewe. Kiwe kinene, kichwa kiwe cha mviringo, na nafurahi zaidi kitako chake kikiwa cha duara chini kinayumba, maana mtoto anayejifunza kutembea akiangukia kijiti chembamba kilichosimama wima ni jicho au kaakaa la mdomo.

Visanduku hivyo usiviloweke. Mbao inavimba kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu karibu haisogei, kwahiyo kisanduku kinapinda kinakataa kuingia kwa mwenzake, na kikombe cha kukereza kilichokuwa duara kinakuwa yai. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, chenye sabuni kidogo kama kimechafuka, kausha kivulini kwenye hewa. Sio juani, vinapasuka. Fundi anayejua anaacha nafasi kati ya kisanduku na kisanduku, na vile vinavyobana sana anatoboa katundu chini, maana bila katundu hewa inanaswa, mtoto akivuta kinamgomea anadhani ameshindwa kumbe ni hewa.

Kwa anayependa kazi nzuri, wale wanasesere wa Urusi wanaoingiana, matryoshka, wa kwanza walikerezwa miaka ya 1890 wakiwa wanane kwenye seti, na mwaka 1900 walipelekwa maonyesho ya Paris wakarudi na medali ya shaba. Fundi anaanza na yule mdogo kabisa asiyefunguka, huyo ndo anampa kipimo cha wengine wote. Nikimwona mtu anavikereza vile kwa macho bila kupima mimi nasimama tu. Ila sio vya mtoto wa mwaka mmoja, yule wa mwisho ni wa kumezwa.

Kipepeo

Naomba kudandia hapo hapo. Mimi wangu ana miaka miwili na nusu, pete keshazichoka anachomeka zote kwa sekunde anaondoka. Nafikiria ule mnara wa waridi wa Montessori, ile michemraba ya rangi ya waridi ya kupandanisha, kuna mtu anao? Unafaa? Na nimeona pete za aina mbili, kuna kijiti kilichochongoka juu chembamba chini kinene, na kuna kilichonyooka sawa juu mpaka chini, kipi bora? Nina na kadogo ka miezi minane kanakotambaa kanafika kila mahali.

Mwl_Awali

@Kipepeo swali zuri hili, hasa la kijiti.

Kilichochongoka kina tabia moja, pete ndogo ina tundu dogo, ukiiweka mapema inakwama juu haishuki, pete nyingine hazipati nafasi. Mtoto anaona mwenyewe kuna kitu hakiko sawa, hakuna haja ya mama kusema sio hivyo. Kilichonyooka kinapokea pete yoyote kwa mpangilio wowote, kwa mtoto wa mwaka mmoja hicho ndo kizuri maana kila akichomeka amefaulu, anajifunza kulenga tu na hakuna linalomkatisha tamaa. Mkubwa kidogo ndo anafaidi kilichochongoka. Wako wa miaka miwili na nusu anayechomeka zote kwa sekunde nakubashiria kitu kimoja, jaribu kumpa pete zile zile bila kijiti apange chini kwa mstari, uone. Mara nyingi utakuta hajapanga kwa ukubwa hata siku moja, amekariri nyekundu, ya chungwa, njano, kijani, bluu. Kila pete ikiwa na rangi yake rangi ndo inakuwa ramani, ukubwa unakuwa pambo.

Na hiyo ndo akili iliyopo kwenye mnara wa waridi. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto pale Roma Januari 1907, na vifaa vyake ukiviangalia utaona kila kimoja kinabadilisha kitu kimoja tu. Mnara una michemraba 10, wa kwanza una sentimita 1 kila upande, wa mwisho sentimita 10, rangi moja yote, umbo moja, mbao ile ile. Hakuna pa kujificha, ni ukubwa tu. Tofauti kati ya mmoja na unaofuata ni sentimita 1 kila mahali, lakini jicho halioni hivyo. Kutoka 1 kwenda 2 umezidisha mara mbili, kutoka 9 kwenda 10 ni nyongeza ndogo sana, kwahiyo watoto wanakosea chini kwenye ile mikubwa, huku juu wanapatia. Ukiona mtoto wako amebadilisha wa 8 na wa 9 usimsahihishe, mwache ajenge mpaka juu, aukodolee macho. Siku moja atasimama ataangalia pale penye ngazi isiyokaa sawa, ataingiza kidole, ataubomoa mwenyewe. Hiyo kidole kwenye ngazi nimeiona kwa watoto wengi, na ukiwahi kusema umeiharibu. Wengine wakishakomaa wanaupanga kona moja iwe sawa, hapo ngazi inayobaki upande wa pili ni sentimita 1 kamili, wanachukua ule mchemraba mdogo kabisa wanautembeza kwenye kila ngazi kupima. Na ule mkubwa ujazo wake ni sawa na midogo 1,000, hilo hatumfundishi mtoto wa miaka mitatu, anabeba tu ule mzito kwa mikono miwili kutoka mkekani, inatosha.

Lakini kwako na kadogo ka miezi minane kanakotambaa mimi nasema subiri. Mchemraba wa sentimita 1 unaingia kooni bila kupiga hodi. Mnara huu kwa kawaida wanaanza nao karibu na miaka 3, na ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga anayetambaa hata huyo wa miaka 3 achezee mezani kwa muda maalumu, alafu kale kamchemraba ka mwisho uwe unakahesabu wewe kila ukirudisha. Huyo wako wa miaka miwili na nusu sasa hivi mpe mitungi ya kuingiza kwenye matundu, yaani vipande vya mbao vya mviringo vyenye vishikio juu, navyo achezee mezani, mtungi mnene hauingii kwenye tundu jembamba na mwisho ukibaki mmoja usio na mahali anajua kuna mmoja umekaa pasipo pake.

Kwa wanaofikiri yote haya yalianza na Montessori, kabla yake kuna Friedrich Fröbel, Mjerumani, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo pale Bad Blankenburg mwaka 1837. Yeye alikuwa anawapa watoto boksi lenye mchemraba mmoja uliogawanywa vipande 8 vinavyolingana, mtoto anautoa mzima, anautawanya, anajenga kiti, ngazi, mlango, chochote, na mwisho anaurudisha mzima kwenye boksi. Hapo hakuna sahihi na kosa. Mimi binafsi darasani natumia vyote viwili, na nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa nyumbani ningechukua vipande vya kawaida vya saizi moja, vingi, kuliko mnara wa heshima wenye jibu moja. Watu wa Montessori mnisamehe.

BabaWaTatu

Haya hapo kwa vipande vya kawaida mwalimu nimekuelewa. Na vifuniko vya chupa fundi nimesikia.

nesi_wa_zamu

Naongeza kidogo kwa Mama Kadogo maana aliuliza kama mtoto amechelewa. Kutopanga pete kwa miezi 16 peke yake sio dalili ya chochote. Mimi ningeangalia mengine. Anatumia mikono yote miwili? Mtoto anayetumia mkono mmoja tu na mwingine kauacha kabla ya kufika mwaka na nusu anatakiwa aonwe, kwa umri huo bado hajatakiwa kuwa wa kulia au wa kushoto kiasi hicho. Anageuka ukimwita jina, anakuonyesha vitu, anakuletea kitu akitaka msaada? Na muhimu kuliko yote, kuna kitu alikuwa anakifanya sasa ameacha, alikuwa anasema neno limepotea, alikuwa anapunga mkono hapungi tena? Hilo usisubiri kliniki ijayo.

Na anayetafuna kila kitu kuna wakati ni jino tu linatoka, lakini kama anakula udongo, rangi ya ukuta, vitu visivyolika kila siku, mtaje kwa daktari wapime na damu.

Mama Kadogo

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na baba yake nimemsomea kwa sauti hahaha. Mikono anatumia yote, akiitwa anageuka, na kuleta vitu ndo kazi yake, kila kitu anakileta mapajani kwangu. Maneno anayo machache lakini hajapoteza hata moja.

Nimefanya alivyosema mwalimu, nimeficha vinne nimebakiza vitatu. Kidogo kakitia kwenye kikubwa kama kawaida yake, cha katikati akakigeuza geuza akakivaa kichwani. Kikaanguka. Akakiokota akakigonga juu ya kikubwa, kikawa hakiingii vizuri maana kimekaa upande upande, akakiacha hapo hapo akaondoka. Nimejizuia kukinyoosha jamani ilikuwa ngumu.

Mwalimu swali dogo, nikikaa naye niwe namuuliza hii rangi gani, ipi kubwa? Au ninyamaze?

Na fundi, kampira nimepima ni milimita 40 kamili nimekatoa. Pete ya kijani je naweza kuikwangua rangi na msasa ibaki mbao tupu? Na nikipata fundi wa kunikerezea nyingine aipake nini?

Mwl_Awali

Kumuuliza maswali acha kwanza, mtoto akiulizwa anaacha kucheza anakuangalia wewe. Sema kile anachokifanya pale pale, kimeingia, hakiingii, kiko juu, kimeanguka, kikubwa hicho kizito. Maneno machache, yafuate mkono wake. Akinyamaza na wewe nyamaza.

Na hapo alipokiacha upande upande umefanya vizuri sana kutokinyoosha.

Randa na Msasa

Usikwangue dada. Kama rangi ina risasi, ukipiga msasa mkavu umeigeuza vumbi, linakaa kwenye sakafu anayotambaa, umeongeza tatizo. Funga kwenye mfuko tupa. Na zile nyingine za seti hiyo hiyo zina rangi ya kiwanda kimoja, kwahiyo sikushauri ubakie nazo, baki na hivyo visanduku tu kama vyenyewe ni mbao tupu.

Fundi mwambie atumie mbao ngumu yenye nyuzi zilizobana, isiyo na utomvu wala harufu kali, isiwe plaiwudi wala mbao ya kugandishwa na gundi maana ukingo unachanika vibanzi na gundi zake nyingi zinatoa gesi kali ya fomaldehaidi. Pete unene wa kidole au zaidi, tundu liwe pana kuliko kijiti kiasi kwamba ukiiachia inashuka yenyewe. Msasa apige mpaka ule laini, alafu alowanishe na maji kidogo, nyuzi zitasimama, zikikauka apige tena. Ukiruka hiyo hatua, udenda wa mtoto ndo utakaozisimamisha na pete itakwaruza mdomo.

Rangi haina ulazima. Nta ya nyuki inatosha, au mafuta ya kitani (linseed), ila yale masafi yasiyotiwa chochote. Kuna yale ya dukani yanayoitwa yaliyochemshwa, mengi yametiwa dawa za metali ili yakauke haraka, hayo ni ya milango sio ya mdomo wa mtoto. Masafi yanachelewa kukauka, hata wiki kadhaa, asikupe kabla harufu haijaisha na ukigusa mkono usitoke na mafuta. Na kama utapaka mwenyewe nyumbani, kile kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa kwenye pipa, mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji kwanza ndo ukitupe.